Ramani ya Vidole vya Masenge

Rugenge, Uvira, tarehe 9 Machi 2025

Masenge wangu mpendwa,

Bigirimana amenifikishia blauzi jana, pamoja na mchele na makelele yake yote. Anasema barière za askari barabarani sasa ni nyingi kuliko abiria wa minibasi yake, na kwamba kama antena ya simu ya Sange haitatengenezwa atatufungulia posta, yeye mwenyewe akiwa mkubwa wa posta. Nimemwambia barua ni nyepesi kuliko simu. Juma lililopita walimteremsha bwana mmoja pale Kavimvira, wakampiga kwa sababu ya picha iliyokuwa ndani ya simu yake. Basi tuandikiane tu kama watu wa zamani.

Blauzi ni nzuri. Nimeivaa kazini leo hii. Wamama wenye mimba waliopanga foleni ya ekografi kuwaona watoto tumboni wote waliniuliza nani ameishona, nikajibu kwa kiburi: ni dada ya baba yangu, Generose wa Sange, yule aliyenilea tangu baba alipouawa, fundi ambaye hata padri hashoneshi kanzu kwa mwingine.

Lakini Masenge, univumilie. Nilipofika nyumbani niliigeuza. Matundu ya vifungo si yako. Mimi nimekua chini ya meza yako ya kushonea, nalijua tundu lako hata gizani: uzi umekazwa, sindano imepita sawasawa, pembe mbili zimefungwa hazitoi hata unyuzi. Haya yamepinda. La tatu limekatwa kwa mkasi, likaachwa hivyo. Ni weye uliyenifundisha kwamba nguo inadanganya mbele, lakini kwenye matundu inasema kweli.

Nani ameyashona? Na kama ni weye, mikono yako ina nini?

Mtoto wako,
Naomie

*

Sange, 16 Machi 2025

Weye Naomie,

Nilikutuma masomoni usome unesi, sikukutuma usome matundu ya vifungo. Muntu anapewa blauzi ya bure, anaigeuza nyuma kama mudouane wa forodha mpakani! Ungekuwa karibu ningekuvuta sikio.

Minye niko muzima. Umeme hakuna, macho yamezeeka, uzi wa siku hizi ni wa plastiki, na mizinga ikilia kule upande wa Kamanyola sindano inaruka yenyewe. Chagua sababu moja hapo, zote ni za kweli.

Shamba la mpunga liko vizuri. Mbuzi amezaa wawili. Watu wengi wamepita hapa na magodoro kichwani, wengine wamevuka Ruzizi kwenda Burundi. Minye sitoki. Vita ya tisini na nane ilinikuta na weye mgongoni, una miezi mitano, na kichwa cha mashini ya kushona juu ya kichwa changu. Nilitembea hivyo mpaka ng'ambo na nikarudi hivyo. Vita inanijua jina.

Neno moja. Kuna jirani yangu hapa, mwanamke wa umri wangu, kucha zake zimeharibika. Amepaka dawa ya fangasi miaka sita, bure. Mganga wa kienyeji akasema ni karuho, ile sumu ya polepole wanayokutilia ndani ya pombe. Sasa infirmier Libérat, nesi wetu wa hapa, anasema kucha mbili za mkono wa kuume zing'olewe ili uchafu utoke. Atazing'oa Jumanne baada ya Pasaka. Niambie: inauma sana? Na muntu anashika sindano tena baada ya siku ngapi?

Si kwangu. Ni kwa jirani.

Masenge wako,
Generose

*

Rugenge, 21 Machi 2025

Masenge,

Mwambie huyo jirani, mwenye umri kama wako na sindano kama yako, asikubali ang'olewe hata ukucha mmoja. Hata nusu. Mwambie afunge mlango Libérat akipita.

Na umuulize haya. Je, kucha zake zina vishimo vidogo vidogo, kama dé yako, ile kofia ya chuma unayovaa kidoleni kusukuma sindano? Chini ya ukucha kuna doa la njano, kama tone la mawese limenasa chini ya kioo? Ukucha umeanza kuachana na nyama? Kuna kidole kimevimba kizima, toka mzizi mpaka ncha? Asubuhi anachukua muda gani kabla vidole havijakubali kukunjwa? Na kichwani, chini ya kitambaa ambacho jirani yako havui hata mbele ya watoto wa nyumbani, kuna magamba meupe?

Mwaka jana, nilipofanya mafunzo Bujumbura kwa Dokta Apollinarie, alituonyesha mikono ya namna hiyo. Si fangasi, si karuho, wala hauambukizi. Unaitwa psoriasisi. Unaanza kwenye ngozi na kucha, na kwa watu wengine unashuka ndani kimya kimya, unaingia kwenye viungo. Mzizi wa ukucha na kamba ya kiungo cha mwisho vimeshikana, kama bitana na kitambaa: ukivuta kimoja, kingine kinakuja. Ndiyo maana kung'oa ni hatari. Ugonjwa huu ukiumizwa unakasirika.

Rayo-x haioni kitu mpaka mfupa uwe umekwisha kuliwa. Lakini ekografi yetu ina sonde ndogo, ile ya kupitisha juu ya ngozi. Inatuma sauti ambayo sikio halisikii. Sauti inagonga ndani, inarudi, inakuwa picha. Naweza kuona kabla mfupa haujaguswa. Nikiona, Dokta atatoa dawa. Nisipokuwa na picha hatatoa, kwa sababu dawa yenyewe ni kali. Mfupa ukiliwa, Masenge, hakuna dawa ya kuurudisha, na mkono wa kuume hautashika sindano tena mpaka kaburini. Nakuandikia wazi, kwa kuwa na weye ulinilea wazi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mwambie jirani apande minibasi kabla ya Pasaka.

Naomie

*

Sange, 27 Machi 2025

Mwanangu,

Jirani ni minye. Ulijua. Basi, umeshinda, usinicheke.

Vishimo viko. Tone la mawese liko, kwenye kidole gumba na cha shahada. Asubuhi nakaa kitandani saa nzima nikiweka mikono ndani ya maji ya moto, naidanganya kama muntu anayembembeleza mtoto aamke. Kidole cha shahada kimevimba tangu Noeli, dé haiingii tena. Hayo matundu yako niliyashona kwa mkono wa kushoto, nikilia kwa hasira. La tatu nililiacha kwa kuwa machozi yaliangukia kitambaa na nikaogopa doa.

Miaka sita napaka kucha rangi, verni nyekundu. Watu wanasema mujane huyu anatafuta bwana! Nikawaacha waseme. Afadhali waseme natafuta bwana kuliko waseme nimeoza. Unakumbuka kwetu: chungu cha impeke, pombe yetu ya mtama, kinawekwa katikati, kila muntu anatumbukiza mrija wake, mnakunywa pamoja. Siku ya matanga ya mzee Pontien wa hapa kwetu verni ilikuwa imebanduka. Nikaweka mkono kwenye mdomo wa chungu ili niiname. Wanawake watatu wakatoa mirija yao, mmoja baada ya mwingine. Tangu siku ile nasema impeke inanipa kiungulia.

Minye sina mume, sina mtoto wa tumbo langu. Nina mikono hii, na kile mikono hii ilichofanya, yaani weye. Naogopa, Naomie. Sijawahi kukwambia neno hilo, hata mwaka wa tisini na nane.

Nitakuja Ijumaa ya tarehe nne na Bigirimana. Usimwambie muntu.

Masenge wako

*

Sange, 7 Aprili 2025

Mwana wa kaka yangu,

Nimefika. Kaa chini kwanza, maana safari ya kurudi ilikuwa sinema.

Lakini nianze na huko kwako. Sijakusamehe kunikalisha kwenye benchi moja na wenye mimba! Mujane wa miaka hamsini na moja, kila anayepita ananiangalia tumbo. Yule aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Mama, ya ngapi?" Nikamjibu, "Ya kumi, vyote vidole." Akasogea mbali.

Uliponipaka yale mafuta ya baridi kwenye kucha, na ile picha ikatokea, nilisogeza kichwa nione. Ukanionyesha: ukucha wa muntu muzima ni mistari miwili mieupe, inakwenda sambamba, katikati kuna giza jembamba. Wangu mstari wa chini umevunjika na kujikunja, nyama ya chini imenenepa, na rangi nyekundu na bluu zinamulika pale, ndiyo damu inayokimbilia moto wa ugonjwa. Halafu ukaniambia neno ambalo limenipa usingizi: mfupa bado uko laini. Bado haujaliwa. Ukaweka kidole chako mwenyewe, cha mwisho cha kushoto, ili nilinganishe. Ukachapisha picha zote kule studio ya Nyamianda kwa rangi, ukaandika M kwa mugonjwa, Z kwa muzima, ukaniambia nimpelekee Libérat aone asining'oe.

Haya. Barière ya pili, wametuteremsha wote. Askari mmoja akafungua kikoba changu. Akatoa bahasha. Akatoa picha. Akapiga kelele, "Komanda! Mama huyu ana karti, ramani ya vita!"

Yesu na Maria. Wakaja watano. "Hii mistari miwili ni nini? Barabara na Ruzizi! Hii nyekundu ni nani, na bluu ni nani? M ni mizinga! Z ni zone! Na hizi namba, milimita ngapi, ndiyo kipimo cha kupiga! Nani amekutuma?" Nikasema, "Ni kucha zangu." Wakacheka kicheko kibaya. Bigirimana, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa tangu abatizwe, siku hiyo alikuwa akihesabu magurudumu yake.

Wakanipeleka kwa Komanda wao. Muntu wa makamo, mwembamba, miwani puani, amekaa chini ya turubai na karti zake za kweli mbele yake. Akaniuliza kwa upole, na upole ule uliniogopesha kuliko makelele. "Mama, ni kucha za nani?"

"Zangu."

"Mbona kucha zako naziona nzima, nyekundu kama za bibi arusi?"

Naomie, pale ilikuwa ni kusema au kufa. Abiria wote wamesimama wananiangalia: wanawake wa Sange, mwalimu Protais, wawili kati ya wale wanawake watatu wa chungu cha impeke. Nikafungua kibweta changu, nikatoa wembe wa kukatia nyuzi. Askari wakainua bunduki. Komanda akawainulia mkono. Nikaanza kukwangua verni. Kidole gumba. Cha shahada. Vyote kumi. Miaka sita nimeficha, nikaifichua barabarani, jua la saa sita, mbele ya bunduki nne. Nikamwekea mikono mezani juu ya karti zake nikasema, "Soma basi."

Akaangalia kucha. Akaangalia picha. Akaangalia tena kucha. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaanza kuniuliza kama mwanafunzi: mstari huu ni nini, giza hili ni nini. Nikamweleza yote uliyonieleza, sikusahau hata moja. Nikamwonyesha M na Z. "Hii ni yangu, mugonjwa. Hii ni ya mtoto wangu aliyenipima, muzima. Ona tofauti."

Akazilaza sambamba. Akafuata mistari kwa kidole. Halafu akasema, "Mama, minye nasoma karti tangu nikiwa na miaka ishirini. Nikikosea mstari mmoja, watu wanakufa. Tofauti yako ni ya ukubwa tu. Kwenye M barabara ya chini imebomoka kilomita nzima. Kwenye Z imebomoka hapa," akaweka ncha ya kalamu, "padogo, lakini imebomoka. Na huku inapoingia kambani pamevimba vilevile. Hizi ni picha za nchi moja."

Akanirudishia bahasha. Hakuchukua kitu. Aliposimama akaniambia, "Mwambie mtoto wako ajisome."

Tukapanda minibasi mpaka Kiliba. Halafu mmoja wa wale wanawake wa chungu akanishika mkono, huu huu, akaubana mapajani mwake mpaka Sange.

Pima mkono wako, Naomie.

Masenge

*

Rugenge, 10 Aprili 2025

Masenge,

Namshukuru Mungu umefika. Nilisoma barua yako nimesimama, kisha nikaketi sakafuni.

Mkubwa wangu wa kazi, aliyenikaripia kwamba sonde ya wamama wenye mimba haikutengenezwa kwa ajili ya kucha, amekuja kuomba nimwonyeshe. Dokta Apollinarie amejibu kutoka Bujumbura. Amesema picha zako nilizomtumia ni safi, mfupa haujaguswa, na tumefika kwa wakati. Bigirimana amebeba dawa ndani ya mfuko wa mchele. Sikiliza vizuri: ni siku MOJA kwa juma. Jumatano, siku yenu ya soko, usisahau. Si kila siku, hata ukiumwa, hata jirani akikushauri. Ijumaa kuna kile kidonge kingine cha kusaidia damu. Kila mwezi Libérat akutoe damu anitumie niangalie ini. Na impeke uiache kweli sasa, bila kiungulia cha uongo, mpaka Dokta aseme.

Juu ya huyo Komanda wako: askari ni askari. Ukimwonyesha mtu wa mizinga kitambaa cha meza ataona daraja la kubomoa. Mkono wangu niliuweka kama mfano wa muzima kwa sababu ni muzima. Mimi ndiye niliyesomea hizi picha, si yeye.

Naomie

*

Sange, 15 Aprili 2025

Naomie,

Dawa imefika, na nimeielewa. Jumatano. Nimeishonea kijimfuko, nikatarizi herufi J.

Libérat hakungoja Pasaka ipite, alikuja na koleo lake limechemshwa, limefungwa ndani ya kitambaa. Nikamwekea picha mezani. Akasoma maandishi yako mara mbili. Akaketi. Akasema amekwisha kung'oa kucha za watu saba ndani ya miaka hii, na watano walirudi wakiwa vibaya zaidi, na hakujua kwa nini. Yule muntu alilia, nakwambia. Nikampikia chai. Koleo ameliacha hapa kwangu, nalitumia kung'olea misumari.

Sasa na minye nina jirani. Yuko Rugenge. Ana umri wa miaka ishirini na saba. Siku ile nilipokuja kupimwa alivaa gants, zile glavu za hospitali, mpaka saa ya kula, akala bugali kwa kijiko, yeye niliyemfundisha kufinyanga tonge! Alipozivua ili kuweka kidole kwenye mafuta ya baridi, alikigeuza haraka. Niliona vishimo viwili. Nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nahofia vidole vyangu mwenyewe, na hilo ndilo kosa langu.

Dada ya baba ni damu moja na baba. Kilicho kwangu kinaweza kuwa kwako.

Mficha maradhi ni nani sasa? Mwambie jirani ajisome.

Masenge

*

Rugenge, 19 Juni 2025

Masenge wangu,

Majuma tisa! Barabara ilifungwa, Bigirimana alikwama Uvira akiuza mafuta ya minibasi kwa chupa, na kila siku watu wanaotoka bondeni wakitaja Sange nililala na moyo mkononi. Jana tu mwalimu Protais amefika kwa miguu na kusema, "Generose amekimbilia kanisani na majirani, amefukia kichwa cha mashini chini ya mpunga, na anatoa amri kwa kila muntu." Nikajua uko hai. Leo barabara imefunguka, nakuandikia mbio.

Barua yako ya Aprili niliichana. Kisha nikaokota vipande nikaviunga kwa mkanda wa plasta. Hivi ndivyo ilivyokuwa: vile vishimo ninavyo tangu mwaka wa pili wa masomo. Nilijua kucha hizo ni kucha gani tangu siku Dokta alipotuonyesha mikono ya wagonjwa. Nilijua, Masenge, ndiyo maana nilivaa gants. Na siku ile nilipoweka kidole kama mfano wa muzima, niliangalia ile picha nikaona nilichotaka kuona. Ni rahisi kusoma mkono wa mwingine.

Mwezi wa tano, mizinga ilipolia mpaka vioo vya kituo vikacheza, nilijifungia kwenye chumba cha ekografi, nikajipaka mafuta, nikajipima vidole vyote kumi. Kidole kimoja tu kimeguswa. Pale pale alipoweka kalamu yule Komanda wako. Nikamtumia Dokta picha, sikuandika jina. Niliandika: mwanamke, miaka ishirini na saba, hana maumivu. Nilingoja nikiwa nimeshika meza.

Akajibu: "Huyu umempata mapema sana. Hongera! Hajaumwa, mfupa ni laini kama yai, tutamlinda. Ni nani?"

Nikajibu: "Ni mimi."

Akanipigia simu palepale. Mama yule hana machozi ya bure: alianza na dawa. Nina marhamu ya kupaka, na kila miezi mitatu napigwa picha. Amesema labda sitahitaji hata kidonge. Na kwamba wengi anaowapokea wanafika vidole vikiwa vimekwisha kufungika kama makucha ya kuku, na sisi wawili tumefika tukitembea.

Nilikukasirikia kwa kuwa ulikuwa na haki. Nisamehe.

Leo nimekula bugali kwa mkono, mbele ya wote kazini.

Mtoto wako,
Naomie

*

Sange, 2 Julai 2025

Mwanangu, mwanangu, mwanangu!

Nimesoma barua yako kwa sauti mbele ya kanisa, sehemu ile ya "umempata mapema sana", na wanawake wakapiga vigelegele wasijue hata ni ugonjwa gani. Yoo! Acha nilie, ni machozi ya kushiba.

Sikukosa Jumatano hata moja. Risasi zinapita, minye nauliza, "Leo ni siku gani?" Watu wakadhani nimechanganyikiwa. Kijimfuko cha J kilikaa kifuani mwangu majuma yote, na Jumatano ya kumi niliamka, nikanywa maji, nikachukua ufagio, nikafagia, na nilipomaliza ndipo nikakumbuka: sikuweka mikono kwenye maji ya moto! Nikakunja ngumi. Ikakunjika yote. Nikaifungua, nikaikunja tena, nikamwonyesha Libérat, akasema, "Mama Generose, usinipige."

Nimefukua mashini. Haina hata kutu.

Verni sipaki tena. Kucha zinakua kutoka chini, mpya, kama mpunga baada ya maji kurudi. Nusu ni mbaya bado, nusu ni ya mtoto mchanga. Wanawake wananijia sokoni, wananiita pembeni, wananionyesha vidole chini ya kitenge. Ambao ni fangasi Libérat anawatibu. Ambao wana vishimo na kidole kilichovimba nakutumia. Wiki hii wanakuja wanne. Mmoja ni yule mwanamke wa kwanza aliyetoa mrija wake kwenye chungu. Mpokee vizuri kuliko wote, umenisikia?

Komanda amehamishwa. Alipopita na gari lao alisimamisha, akauliza, "Mama Karti, mtoto alijisoma?" Nikamwambia, "Alijisoma, na kalamu yako haikukosea." Akapiga saluti. Minye, Generose, kupigiwa saluti!

Masenge wako

*

Sange, 12 Oktoba 2025

Naomie,

Bigirimana anakuletea furushi. Mwambie asante hata kama atajisifu.

Ni blauzi nyeupe ya kazi. Nimesikia mkubwa wako amekupa siku mbili kwa juma za kupima mikono tu, na kwamba Dokta Apollinarie anakuja Uvira mwezi ujao kuwafundisha wengine pale kituoni kwako. Basi usisimame mbele ya watu na blauzi ya kununua. Kitambaa nilikiweka tangu kabla ya vita hii, nilikuwa nakingojea kazi ya maana.

Nilisema nitaichelewesha mpaka kucha zimalize kuota, na zimemaliza. Kidole gumba kimerudi chote. Cha shahada kimebaki na kishimo kimoja pembeni, nimekiacha kama kumbukumbu. Dé imeingia. Imeingia, Naomie! Nilipoisukuma kidoleni nilikaa nayo hivyo kitambo, sikushona kitu, niliigonga tu kwenye meza nisikie inavyolia.

Bunduki bado zinasikika siku nyingine. Sijui mwaka ujao utatuletea nini, na sitajifanya najua. Lakini safari hii hata nikikimbia, nitabeba kichwa cha mashini kwa mikono miwili.

Mishono ya pembeni nimepitisha kwenye mashini. Matundu ya vifungo ni ya mkono, wa kuume. Yako tisa. Yageuze moja moja nyuma, kama mudouane. Ukipata lililopinda, rudisha blauzi.

Masenge wako,
Generose

*

Rugenge, 18 Oktoba 2025

Masenge,

Nimeyapitia yote tisa kwa kidole changu cha mwisho cha kushoto, nikiwa nimefumba macho.

Sirudishi.

Naomie wako